Vita Visivyopiganwa

Msomaji, kabla hatujafungua kitabu chochote cha tenzi, nataka nikusimulie safari moja ya jeshi, nami nitaisimulia kama wanavyoisimulia wanahistoria, bila kupunguza wala kuongeza.

Mwaka wa 630 zilifika habari Madina kwamba Warumi wa Mashariki, ambao makao ya mfalme wao yalikuwa Konstantinopoli, wanakusanya majeshi katika nchi ya Shamu. Mtume Muhammad akatangaza safari ya kwenda kuwakabili. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya: jua kali, mvua haba, tende zimeiva mashambani, na kila mtu atamani kivuli chake. Wenye mali walitoa, na Uthmani bin Affani alitoa kuliko wengi. Maskini wengine walirudi majumbani wakilia kwa kuwa hapakupatikana wanyama wa kuwachukua. Wapokezi wa kale wasema jeshi lilikuwa la watu 30,000. Likaenda kaskazini zaidi ya kilometa 500, hata likafika Tabuk. Huko halikumkuta adui. Lilipiga kambi siku chache. Mkuu wa Aila akaja akafanya mapatano na kukubali kulipa jizia. Kikosi cha wapanda farasi chini ya Khalidi bin Walidi kikatumwa Duma, kikamkamata mtawala wake. Kisha jeshi likarudi nyumbani. Katika safari ile yote Warumi na Waislamu hawakukutana kupigana hata siku moja.

Sasa ufungue Utendi wa Tambuka, ambao wengine huuita Chuo cha Herekali. Aliutunga Bwana Mwengo bin Athumani wa Pate, na tarehe ya utungo huo ni mwaka wa Kiislamu 1141, yaani 1728. Ndio utenzi wa tarehe ya kale kuliko wengi tulio nao katika lugha yetu, nao una beti zipatazo 1,150. Humo utaona nini? Utaona barua ikipelekwa kwa Herekali, mfalme wa Rumi, kumwita katika dini. Utaona jeuri yake. Utaona majeshi yakipangwa, ngoma zikipigwa, mashujaa wakitoka safuni mmoja mmoja wakijitaja majina na nasaba, panga zikimeta, vumbi likipanda hata jua likafichwa. Ali bin Abi Talibu aonekana humo akipasua safu za adui kama mtu akataye majani. Mwishowe Warumi wavunjika, na ushindi ni wa Waislamu.

Yaani safari ambayo hapakuwa na vita imekuwa vita vikubwa kuliko vyote.

Nilipowaeleza wanafunzi wangu jambo hili kwa mara ya kwanza, darasa lilinyamaza kidogo, kisha kijana mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono akaniuliza, "Mwalimu, kumbe Bwana Mwengo alisema uongo?" Wenzake walicheka, lakini mimi sikucheka. Nilitoka chuo cha ualimu nikiwa nimefundishwa kuhesabu mizani na kutaja vina, na swali kama lile sikuwa nimeulizwa. Nilimjibu jibu la haraka, nikasema kwamba washairi wanayo ruhusa yao. Jibu hilo silipendi hata leo. Ruhusa hiyo nani aliwapa? Na kama wanayo, kwa nini wameitumia hapa wala si pale?

Jibu lililo bora nililipata baadaye, wala si katika kitabu. Wakati wa likizo nilikuwa Lamu, nikaketi barazani na mzee mmoja aliyekuwa akijua tenzi nyingi kwa moyo. Nikamweleza kwa adabu kwamba vitabu vya sira vyasema hapakuwa na mapigano Tabuk. Mzee hakukasirika. Alitazama mbele kidogo, akasema, "Mwanangu, ikiwa vita havikuwapo, basi Jaafari alilipiwa wapi?"

Yatupasa tulitazame swali hilo kwa makini, kwa maana limebeba siri ya utenzi mzima. Mwaka mmoja kabla ya Tabuk, yaani 629, palikuwa na vita vya kweli mahali paitwapo Muuta, katika nchi ambayo leo ni Yordani. Jeshi la Waislamu lilikuwa la watu 3,000. Viongozi watatu waliuawa kwa kufuatana: Zaidi bin Haritha, Jaafari bin Abi Talibu na Abdallah bin Rawaha. Jaafari alikuwa binamu wa Mtume na ndugu wa Ali. Imepokewa kwamba alikuwa ameshika bendera. Mkono wa kuume ukakatwa akaishika kwa wa kushoto, wa kushoto nao ukakatwa akaikumbatia kifuani hata akafa. Ndiyo maana huitwa Jaafari Mwenye Kuruka, kwa kuwa alipewa mabawa mawili Peponi badala ya mikono yake. Baada ya hao watatu Khalidi bin Walidi alishika amri, naye kwa busara yake akaliondoa jeshi lisiangamie lote.

Kwa mwanahistoria, Muuta ni jambo moja na Tabuk ni jambo jingine. Lakini kwa msikilizaji, Muuta ni deni. Shujaa ameuawa kwa namna ya kuumiza moyo, na jeshi limerudi bila kulipa. Mwaka wa pili jeshi lile lile, sasa mara kumi, latoka kwenda upande ule ule kuwatafuta wale wale. Sikio linangoja nini? Lakini historia, ambayo haijali masikio yetu, yasema kwamba walikaa, wakafanya mapatano, wakarudi. Utenzi hauridhiki na hayo. Bwana Mwengo auanza kwa damu ya Jaafari isiyolipwa, na vita vyote vinavyofuata ni malipo yake. Matukio mawili ambayo wakati uliyatenga, ushairi umeyafunga kwa kamba moja ya kisasi, hata mzee wa Lamu hawezi kuliondoa la pili asilione la kwanza likibaki wazi kama kidonda.

Lakini tusimpe Bwana Mwengo sifa zisizo zake, wala lawama zisizo zake. Si yeye aliyevizua vita hivi. Kwa karne nyingi kabla yake walikuwapo Waarabu waliosimulia maghazi kwa watu wa kawaida, nao walikwisha kuifanya safari ya Tabuk kuwa mapigano makubwa. Hadithi hizo zilivuka bahari pamoja na vitabu na mahujaji. Kazi ya Bwana Mwengo ilikuwa kuzitia katika Kiswahili cha Pate na katika bahari ya utenzi, na hiyo si kazi ndogo, kwa sababu bahari yenyewe ina nguvu yake.

Hebu tuitazame. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja. Cha nne chachukua kina cha bahari, ambacho hurudi ubeti baada ya ubeti tangu mwanzo hata mwisho. Kila mizani thelathini na mbili pana pumzi na pigo. Kipimo kifupi namna hii chapenda nini? Chapenda mtu mmoja atendaye jambo moja: akasema, akajibiwa, akainua upanga, akapiga, akaanguka. Chapenda mazungumzo, maana ubeti mmoja ni swali na wa pili ni jibu. Hakiwezi kwa urahisi kueleza shauri la baraza lenye pande tano, wala upungufu wa maji, wala siku za kukaa kambini bila kufanya lolote. Jaribu wewe mwenyewe, msomaji, kutunga beti ishirini juu ya watu wanaongoja. Nimewahi kuwapa wanafunzi zoezi hilo. Kufika ubeti wa nne wengi walikwisha kuleta simba.

Kwa hiyo vita vya majeshi huwa vita vya watu wawili wawili. Katika Tambuka, jeshi lile kubwa laonekana kama pazia la nyuma, na mbele yake wanasimama watu wenye majina. Adui naye sharti awe na jina na uso. Herekali wa historia alitawala tangu 610 hata 641. Alikuwa mtu wa vita kweli, lakini vita vyake vikubwa vya wakati huo vilikuwa na Waajemi, navyo vilikwisha mwaka wa 628. Mwaka wa 630 alikuwa akirudisha Yerusalemu msalaba ambao Waajemi waliuteka. Hakuna ushahidi kwamba alikusudia kufika Tabuk. Katika utenzi hayo yote yameondolewa, naye amebaki mfalme mmoja mwenye kiburi kwenye kiti cha enzi, akisoma barua.

Hapo wahakiki wengi hufurahi wakasema: Herekali huyu ni Mreno. Wenyeji wa Pate walikuwa wameonja ukali wa Wareno kwa muda mrefu; wasikiapo habari za mfalme Mkristo akivunjwa, walimfikiri nani tena? Maelezo hayo yana ladha, nami sikatai kwamba wako waliosikiliza hivyo. Lakini tutazame tarehe. Boma la Mombasa, Fort Jesus, lilianguka mikononi mwa Waomani mwaka wa 1698, na tangu hapo watu wa Pate walikuwa na manung'uniko mapya, juu ya Waomani. Mwaka wa 1727 mtawala wa Pate aliomba msaada wa Wareno, na mwaka wa 1728, mwaka ule ule wa utenzi wetu, Wareno walikuja na kuishika Mombasa tena, wakakaa hata mwishoni mwa 1729 walipofukuzwa. Basi mwaka ule Bwana Mwengo alipokuwa akiwavunja Warumi kwa kalamu, mji wake ulikuwa rafiki wa Wareno! Huenda baadhi ya wasikilizaji waliusikia utenzi kama shutuma kwa wakubwa wao. Huenda wengine waliusikia kama hadithi ya kale tu, isiyohusu bandari yao. Mimi sitakuchagulia. Nakuonya tu kwamba kusema "huyu ni fulani" ni rahisi mno, na kalenda haina huruma.

Jambo hili la vita kugeuka si la Waswahili wala Waarabu peke yao. Wafaransa wana utenzi wao mkuu, Wimbo wa Roland. Mwaka wa 778 mfalme Charlemagne alirudi kutoka Hispania, alikokwenda kwa kuitwa na baadhi ya magavana Waislamu waliokuwa na ugomvi na wenzao. Alipopita milima ya Pyrenees, watu wa mlimani waitwao Wabaski, ambao walikuwa Wakristo kama yeye, walilivamia jeshi lake la nyuma, wakaliua, wakachukua mizigo, wakatawanyika gizani. Mwandishi wa maisha ya mfalme yule amwandika Roland katika orodha ya waliokufa, jina lake tu na cheo chake, basi. Zaidi ya miaka mia tatu baadaye wimbo ulikuwa na mistari kama elfu nne. Wabaski hawamo tena. Mahali pao pamejaa Waarabu wasio na idadi. Ameongezwa msaliti, ameongezwa rafiki, limeongezwa baragumu. Charlemagne, ambaye wakati ule alikuwa hajafika makamo ya uzee, ana ndevu nyeupe na umri wa miaka mia mbili. Nawe waona kwamba kidonda ni kile kile cha Muuta: walipigwa, wakauawa, na hawakulipa. Wimbo wamrudisha mfalme akalipa.

Kwa nini Wabaski hawakufaa? Kwa sababu walikuwa wadogo. Kufa mikononi mwa wanyang'anyi wa mlimani hakumstahili shujaa. Msiba mkubwa wataka adui mkubwa. Kwa hiyo usishangae kuona katika tenzi zetu idadi za maelfu juu ya maelfu. Idadi hiyo haikuhesabiwa na mtu. Ni kipimo cha huzuni.

Je, kila ushairi wa vita huishia hivyo? La. Tunao Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, alioutunga Hemedi bin Abdallah el-Buhriy miaka michache tu baada ya mambo kutokea. Vita vile vya pwani vilianza mwaka wa 1888, na Bushiri bin Salimu alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba, 1889. Utenzi wa Hemedi hauna ubaridi, hata kidogo. Una hasira na una upande. Lakini una majina ya miji ambayo msikilizaji aliweza kuiendea kwa miguu, na watu ambao watoto wao walikuwapo barazani. Mtunzi akisema fulani alikimbia, kesho ndugu zake wako mlangoni. Mashahidi ni breki kubwa ya ushairi. Umbali unapoongezeka breki hulegea: kutoka Tabuk hata Pate ya Bwana Mwengo ni miaka 1,098, na bahari katikati.

Na breki ikikosekana kabisa? Hapo tuna Fumo Liyongo. Wanaoitafuta tarehe yake wameachana kwa karne kadhaa, kila mmoja na hoja zake. Hadithi yake ilichapwa katika kitabu cha Steere mwaka wa 1870, kisha Muhammad Kijumwa wa Lamu akaifanya utenzi mwaka wa 1913. Yaliyokuwa, yamkini, magombano ya miji ya pwani karibu na mto Ozi na Tana juu ya nani atawale, yamekuwa mambo ya nyumba moja: mtawala mwenye hofu, mama mwenye akili na mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake, na mtoto aliyeshawishika amchome babaye kitovuni kwa sindano ya shaba. Hatuna Tabuk ya kulinganisha na Tambuka hii. Lakini ukiisha kuona jinsi Muuta ilivyofungwa na Tabuk, waweza kukisia ni vitu vya namna gani vimefungwa pamoja katika Liyongo, nawe usiwe mwepesi kuandika katika mtihani wako kwamba "Liyongo alifanya" bila kusema ni nani asemaye.

Sasa nirudi kwa kijana wa safu ya nyuma, kwa maana nina deni lake. Bwana Mwengo hakusema uongo kama asemavyo uongo mtu akufichaye jambo ili apate faida. Alilijua deni la Jaafari, na alilipa kwa fedha pekee aliyokuwa nayo. Hiyo ndiyo kazi ambayo watu walimtaka aifanye, nao wakaishukuru kwa kuinakili na kuighani. Hata hivyo malipo hayo yana gharama, na gharama hiyo nataka uione.

Ukisoma utenzi peke yake, utadhani kwamba ugumu wa Tabuk ulikuwa panga za Warumi. Ukisoma sira, waona kwamba ugumu ulikuwa kutoka nyumbani. Watu waliletewa jaribio wasilolitazamia: si kufa, bali kuacha tende zao na kivuli chao na kwenda mbali katika joto kwa ajili ya adui ambaye hatimaye hakuja. Wako waliotoa udhuru wa uongo wakaachwa. Wako watatu waliokuwa na nafasi na nguvu, wakakawia leo na kesho, hata jeshi likawa mbali nao. Mambo hayo hayamo katika kelele za Tambuka, wala hayangeweza kuwamo. Ali akiisha kuinua upanga, nani atamtazama mtu aliyebaki mjini akizunguka sokoni peke yake?

Mimi binafsi, na katika hili waweza kunipinga, naiona ile sehemu iliyoachwa kuwa ndiyo iliyo nzito. Mmoja wa wale watatu ni Kaabu bin Maliki. Jeshi liliporudi, waliobaki walikwenda mbele ya Mtume mmoja baada ya mmoja na visingizio vyao, wakakubaliwa kwa dhahiri. Kaabu naye alikwenda. Alikuwa na ulimi wa kutosha kutunga udhuru wowote, kwa kuwa alikuwa miongoni mwa washairi wa Mtume. Akasema kwamba hakuwa na udhuru. Watu wakakatazwa kusema naye, na kwa siku hamsini akatembea Madina akitoa salamu asisikie jibu, mpaka ilipokuja habari kwamba amesamehewa.

Kisa hicho kimetufikia kwa maneno yake mwenyewe, akiwasimulia wanawe katika uzee wake, wala hakukitia katika vina.